Raimondo D'Aronco, mbunifu Mtaliana wa Sultani wa Istanbul: nianzie wapi?

Swali: Assalaam aleikum. Natayarisha somo la ubunifu wa majengo kwa wanafunzi hapa Unguja. D'Aronco alifikaje Istanbul, na jengo gani litangulie?

Jibu la 1: Waaleikum salaam, mwalimu. Alizaliwa Gemona, Italia, 1857. Aliitwa Istanbul 1893 kuchora maonyesho makubwa ya dola ya Uthmania. Tetemeko la Julai 1894 likayavuruga, naye akabakia kukarabati majengo yaliyopasuka. Usiliruke tetemeko hilo, maana ndilo lililomfungulia mlango wa kazi za Sultani Abdülhamid II. Sultani alipoondoshwa 1909, kazi ya D'Aronco huko ikaisha.

Jibu la 2: Tanguliza kaburi la Sheikh Zafir, mtaa wa Beşiktaş, Istanbul: kaburi, maktaba na chemchemi mahali pamoja. Sheikh alikuwa wa tarika ya Shadhiliya, na Shadhuli hapa kwetu haihitaji kuelezwa. Waulize wapi kuba la Kiislamu linakutana na mapambo mapya ya Ulaya ya wakati ule. Hapo ndipo ustadi wake ulipo. Kisha Casa Botter, nyumba ya fundi cherehani wa Sultani: kazi chini, makaazi juu.

Jibu la 3: Naongezea maonyesho ya Turin, Italia, 1902. Mabanda ya maonyesho yale aliyachora akiwa Istanbul, na Annibale Rigotti akasimamia ujenzi. Yalikuwa ya muda, yakabomolewa, kwa hiyo tumia michoro na picha za zamani. Na ukumbi mkuu uweke pembeni ya picha ya Hagia Sophia, jengo la kale la Istanbul. Madirisha yanayozunguka chini ya kuba yataonekana wazi.