Mjadala: Afisa ustawi anayetofautiana na wenzake kisiasa, abaki au aondoke?

Wadau habari za leo. Kuna kitu kimenikaa kooni toka enzi za lile katazo la mabinti wajawazito na sisi watu wa ustawi wa jamii hatujawahi kukizungumza wenyewe kwa wenyewe.

Mnakumbuka Juni 2017, Rais Magufuli akiwa Chalinze akasema kwenye utawala wake mwanafunzi akishazaa harudi shule ya serikali. Ofisini kwetu tulikuwa wanne, tukagawanyika pasu kwa pasu. Mi na dada mwingine tulipinga, Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa haki ya elimu na mimba haimwondolei utoto. Wawili, mmoja ni kaka aliyetutangulia sana kazini, waliunga mkono kabisa, hoja yao ukimrudisha mmoja umewafungulia mlango wenzake. Na ilikuwa siasa kweli, ukipinga unaitwa wa upinzani, ukiunga mkono unaitwa chawa.

Sasa akaja binti wa kidato cha pili, mjamzito. Nyumbani walishaanza kuyamaliza na mwanaume aliyempa mimba kwa mbuzi na hela kidogo, wakati sheria ya elimu toka ibadilishwe 2016 kumpa mwanafunzi mimba ni miaka 30 jela. Nilivyoenda mimi baba mtu hata kukaribishwa sikukaribishwa, aliniona mtu wa haki za binadamu nimekuja kumvunjia familia. Aliyeingia ni yule kaka, anasali nao, wanamjua, akakaa nao mkekani nusu siku nzima mpaka kesi ikafika dawati la jinsia la polisi, na binti akatafutiwa naye fundi wa kumfundisha cherehani. Na mpaka leo anaamini katazo lilikuwa sahihi! Kwahiyo atakayesema mtu kama huyo hafai kwenye fani, mi nakataa.

---

Dada hapo sikubaliani na wewe. Chama chake abaki nacho, sina shida. Lakini fani yetu imesimama kwenye haki za binadamu, ile maana ya kimataifa ya kazi ya ustawi wa jamii ya 2014 inazitaja waziwazi. Huyo mmoja alisaidiwa sawa, je waliofika mezani kwake wakaambiwa ndo matunda ya tabia yako, wakainuka wakaondoka kimya? Hao huwezi kuwasimulia hapa maana hawakurudi.

---

Mnabishania msimamo, mi naona woga tu. Mwajiri wetu wengi ni halmashauri. 2017 mi nilinyamaza, nina watoto wanasoma, na walionyamaza tulikuwa wengi kuliko walioongea. Novemba 2021 wizara ya elimu ikatangaza mabinti waliozaa wanarudi shule, na niliowaona wakipiga makofi mwanzo wakapiga tena. Huo sio utofauti wa mawazo jamani, na mtu akiogopa kusema anachoamini ofisini atawezaje kumtetea mteja mbele ya mkuu wake?

---

Kaka uliyenijibu mwanzo umenigusa, hao wasiorudi ndo wananinyima usingizi na sina cha kukujibu. Ila nikuulize, ukimtoa yule kaka wa ofisini kwetu, ile nyumba nani ataingia? Wazazi wengi huku kwetu wanafikiri kama yeye, tukibaki tunaofanana tu watatufungia milango yote na mtoto atabaki ndani na mbuzi wake.

Na wewe wa woga, ni kweli kabisa, ndo maana kwetu tulianza kupeana kesi za mimba wawili wawili, anayeamini hivi na anayeamini vile. Tunabishana kwenye kikao cha kesi mpaka sauti zinapanda, tukifika kwa mteja hakuna anayehubiri kwa sababu mwenzake anamsikia. Mwanzoni yule kaka alinuna wiki nzima, baadaye akawa yeye ndo anauliza, leo naenda na nani?

Mlioko wilaya zingine, nyie mlifanyaje? Hasa mliokuwa mnaunga mkono, njooni muongee, hamna wa kuwatukana hapa.