Grafu inagota 114 Mbps, laini ni 1 Gbps, halafu mnasema "haijajaa"!

Wakuu, hii tabia imezidi sasa. Wateja wanalia intaneti nzito tangu asubuhi, fundi wa zamu anafungua grafu, anaona laini ya 1 Gbps inacheza kwenye Mbps 70, 90, 60, anajibu "laini haijajaa, zima ruta uwashe." Imejaa! Kinachodanganya ni kaunta mliyoichagua wenyewe.

ifInOctets, namba ya kifaa inayohesabu baiti zinazoingia kwenye poti, ni kaunta ya biti 32. Ikipita baiti 4,294,967,295 inaanza upya sifuri. 1 Gbps ni baiti milioni 125 kwa sekunde, kwa hiyo laini ikijaa kaunta inazunguka kila sekunde 34 hivi. Ninyi mnaisoma kila dakika 5! Imeshazunguka mara nane na ushee, na programu ya grafu inajua kufidia mzunguko mmoja tu. Chukua baiti 4,294,967,296 mara 8 (biti za kila baiti), gawa kwa sekunde 300: Mbps 114.5. Hiyo ndiyo dari ya grafu yako, hata laini ifuke moshi.

Dawa ni ifHCInOctets na ifHCOutOctets, biti 64, zipo tangu miaka ya 90. Ila msibadilishe jina mkaenda kulala. SNMPv1, toleo la kwanza la itifaki ya kusoma kaunta za vifaa, haibebi kaunta ya biti 64. Ukiacha kifaa kwenye v1 grafu inakuja tupu, na hapo ndipo watu wanarudi kwenye 32 wakidai "swichi haisapoti". Jaribu kwa mkono kwanza (NENO ni neno la siri la SNMP, ANWANI ni ya kifaa):

snmpwalk -v2c -c NENO ANWANI 1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.6

Ukiona Counter64, swichi haina kosa. Kosa ni lako.

Wenye faili za zamani za RRD (zinazotunza data za grafu), angalieni kikomo cha juu. Thamani ikikizidi inaandikwa NaN (hakuna thamani), grafu inakatika palepale msongamano unapoanza. Kipandisheni kwa rrdtool tune.

Laini za 10 Gbps nazo: ifSpeed (kasi ya laini kwa biti) inaishia 4,294,967,295, hivyo asilimia za matumizi mnazompelekea bosi ni zaidi ya mara mbili ya ukweli. Someni ifHighSpeed, itarudisha 10000 kwa sababu inahesabu megabiti.

Na mkiongeza kadi kwenye ruta ya Cisco bila "snmp-server ifindex persist", ikiwaka upya namba za ifIndex (zinazotambulisha kila poti) zinaweza kuhama. Grafu imeandikwa "Laini Kuu", kumbe inachora poti ya printa.

Neno la siri la SNMP bado ni "public"? Hilo nalifungulia uzi wake.