Wapanda miamba na wanaojitolea kulinda njia za kufika kwenye miamba: tupeane uzoefu

MwambaKapiti (mtoa mada)

Habari zenu wadau. Mimi niko Athi River, niko kwenye kikundi kidogo cha kujitolea, hatuna ofisi wala mshahara, kazi yetu ni kuhakikisha watu wanaendelea kufika kwenye miamba ya Lukenya bila kufukuzwa. Watu wamepanda pale miaka mingi sana, Mountain Club of Kenya yenyewe ilianzishwa 1949 na Lukenya ni kama shule yao, ni karibu na Nairobi, unaenda asubuhi unarudi jioni. Mimi mwenyewe nilifunzwa kufunga fundo pale.

Sasa shida imekuja taratibu. Ardhi yote hii upande wa Machakos inakatwa plot, kila ukipita unaona bikoni mpya, waya mpya, ukuta wa mawe umeanza. Ile njia ya miguu watu walikuwa wanapitia tangu zamani unakuta imeingia katikati ya plot ya mtu amenunua juzi, hajawahi kuona mtu na kamba na helmeti, akikuona anadhani umekuja kuiba ama kupima shamba lake. Na yuko na haki ya kuuliza, ni kwake.

Kwa hiyo weekend nyingi hatupandi hata. Tunatembea boma kwa boma tunasalimiana, tunaeleza, tunaokota chupa za maji ambazo hata si sisi tulitupa, tunahakikisha ile ada ya kuingia imefikia mwenye shamba na haijaishia kwa kijana wa njiani. Kuna mama mmoja shamba lake ndilo njia inapita, tulikaa naye chini ya mti akatuuliza swali moja tu, "Mkianguka hapa na mfe, si ni mimi nitashikwa?" Na hatukuwa na jibu la kumpa, tulimwambia tutarudi. Kenya tuna sheria ya wajibu wa mwenye mahali kwa wageni wake, Cap 34, kwa hivyo hofu yake si ya bure.

Nataka kusikia kutoka kwenu, hata kama si kupanda, hata kama ni njia ya kwenda mlimani ama mtoni. Mlifanya nini njia ikabaki wazi? Nani mliongea naye kwanza?

Dada wa Olkaria

Asante kwa uzi huu kaka. Mimi naongoza wanafunzi na wageni pale Hell's Gate karibu na Naivasha, kwa ule mnara wa mwamba unaitwa Fischer's Tower. Mnara ni mdogo, kama mita 25 hivi, lakini Wakenya wengi ndio mwamba wao wa kwanza kushika. Wamaasai wanasema ni msichana alikuwa anaenda kuolewa akageuka kuangalia kwao, akawa jiwe. Huwa nawaambia watoto hiyo hadithi kabla ya kuwavalisha harnesi, ule mkanda wa kufungia kamba, na wanapanda kwa adabu kidogo.

Watu husema nyinyi hamna shida kwa sababu ni hifadhi ya taifa tangu 1984, iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori, unalipa getini unaingia. Shida tunayo, ni ya aina nyingine tu. Ile Main Wall, ule ukuta mkubwa wa mwamba, ina tumbusi na tai wanaozaa juu kwenye kuta. Wakati wa viota kuna sehemu hatupandi kabisa, ndege akishtuka akaruka yai linapoa ama kifaranga kinabaki juani. Sasa anakuja mtu na kamba zake nzuri, amelipa, anasema mimi nimelipa siwezi kuzuiwa na ndege. Mimi simgombezi. Nampa darubini aangalie mwenyewe. Wengi wakishaona kile kichwa kidogo kinachungulia kwenye kiota wanahama upande mwingine bila neno, na wasiohama tunaita ranger.

Kitu kingine ni vile mahali panaweza kufungwa kwa siku moja. Septemba 2019 maji yalikuja ghafla kwenye korongo, watu saba wakafa, korongo likafungwa. Haikuwa wapanda miamba, lakini sote wa kazi hii tulielewa. Ndiyo maana sisi kikundi chetu cha vijana wa hapa tunakagua zile bolti za zamani zilizopigwa kwenye mwamba za kushikia kamba, na vile vyuma vya juu, ukiona kimeota kutu ama kinacheza unaweka alama na unaripoti, hupandishi mtoto wa mtu hapo. Mtu mmoja akianguka kwa sababu ya bolti moja mbovu, wote tutafungiwa na vijana wa hapa watakosa unga.

Kuhusu yule mama, rudini kwake. Mlisema mtarudi, rudini hata kama jibu hamjapata.

KokotoMwanza

Wakuu salamu kutoka Rock City, Mwanza. Huku kwetu hakuna cha geti, mawe yako katikati ya nyumba, Igogo, Mabatini, Kitangiri, kote ni mawe, watu wanaanika nguo na dagaa juu yake, watoto wanayapanda bila kamba tangu wanaanza kutembea. Mimi na wenzangu wachache tunapanda yale mafupi, godoro chini, basi.

Kinachoyamaliza ni kokoto. Mnajua jinsi inavyofanyika? Wanawasha moto mkubwa juu ya jiwe, linapata moto vizuri, linapasuka, wengine wanamwagia maji ili lipasuke haraka, halafu nyundo, halafu kina mama wanakaa na watoto wanagonga vipande mpaka viwe kokoto, vinauzwa kwa ndoo. Jiwe ulilolizoea ukirudi baada ya muda unakuta ni rundo.

Sasa mimi siwezi kwenda kwa mama anayesomesha watoto kwa nyundo nimwambie acha kwa sababu mimi nataka kucheza. Nilikataa kabisa wenzangu waliposema tuandike barua ya malalamiko. Tulienda kwa mwenyekiti wa mtaa, na kwenye mkutano akasimama mzee mmoja akasema hili jiwe la juu likipasuliwa upande huu litaviringika kwenye nyumba yangu. Hapo ndipo kikao kilipobadilika, kumbe majirani wana hofu hiyo miaka yote ila hakuna aliyeisema mbele ya watu. Ikaandikwa kwenye muhtasari wa mtaa kwamba mawe yenye nyumba chini yake yasiguswe. Yetu tuliyokuwa tunayapenda yakawa humo, si yote, lakini mengi. Wagonga kokoto wakaelekezwa eneo jingine na mwenyekiti, na sisi tukasaidia kubeba vifaa vyao.

Hoja yangu mtoa mada, tafuteni jambo ambalo mwenye ardhi tayari linamuumiza na nyie mnaweza kusaidia. Msianze na mchezo wenu.

MtuWaKivu

Jambo wote. Mimi niko Lexington, Kentucky, wakimbizi wa Kongo tuko wengi hapa, ukienda soko utasikia Kiswahili sawa vile uko Bukavu. Kijana wangu alianza kupanda ukuta wa ndani na wenzake wa shule, kiisha wakamupeleka Red River Gorge, ni karibu saa moja na gari, miamba ya mchanga mingi sana, watu wanatoka dunia nzima. Mimi nilienda juu ya kumuchunga, nikabakia juu ya kazi ya kujitolea.

Pale kuna kundi linaitwa Red River Gorge Climbers' Coalition, lilianzishwa 1996. Walikuwa na shida sawa yenu, mingi ya miamba iko pa ardhi ya watu binafsi na ingine iko ndani ya msitu wa serikali wenye masharti. Wakafanya kitu kigumu, wakanunua. Mwaka 2004 wakanunua eneo la karibu eka 750, linaitwa Pendergrass-Murray, wakaingia deni, wakalilipa kidogo kidogo na michango ya wapandaji na sherehe wanafanya kila Oktoba. 2013 wakaongeza eneo lingine. Na kuingia ni bure, hata mimi mgeni nisiye na chochote naingia.

Lakini kununua hakumalizi kazi. Chini ya ile ardhi kuna mafuta na makampuni yana haki ya kuyatoa, barabara ni zao pia, mashine inapiga pale pale karibu na mwamba. Unapaki gari vibaya umezuia lori la mafuta, kesho ni kesi. Siku za kazi tunabeba mawe kutengeneza ngazi za njia juu mvua ya kule inakula udongo vibaya. Kuna na ua moja dogo la manjano linaota chini ya mapango ya miamba ya eneo lile tu, lilikuwa kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini tangu 1988, likatolewa 2016 juu watu walizungushia kamba na kuelekeza njia mbali nalo. Na ndani ya yale mapango kuna alama za watu wa zamani wa Amerika, hapo haupandi, haukai, hauwashi moto.

Na Muir Valley, bonde lingine hapo hapo, mume na mke walinunua wakafungulia watu wote bure miaka mingi, 2015 wakaliachia kundi la kujitolea. Watu kama wale wako. Ningesema tafuteni pesa mununue ile kipande ya njia, hata kama ni ndogo.

MorijoKaskazini

Nimesoma ya ndugu wa Kentucky na naheshimu sana lakini kwetu hapana, naomba nieleze kwa nini. Mimi ni Msamburu. Ololokwe mnaiona ukienda Marsabit, ule ukuta mkubwa wenye kichwa bapa. Ni ardhi ya jamii, iko ndani ya Namunyak, hifadhi ya jamii. Wazee wana mambo yao ya ibada pale, ng'ombe wanapelekwa juu wakati wa kiangazi, tumbusi wako kwenye kuta. Sasa kikundi cha wapandaji kikija na pesa kikasema tuuziwe sehemu ya mwamba ili uwe wazi kwa wote, hao wote ni akina nani? Mchungaji ambaye hana hati anatolewa wa kwanza. Tumeona hiyo sinema sehemu nyingi, mtu anakuja kulinda, anaweka waya, na mwenye ng'ombe anabaki nje anaangalia nyasi.

Katiba ya 2010 ibara ya 63 inatambua ardhi ya jamii na kuna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Njia nzuri ni kukaa na kamati, ada iingie kwa jamii, vijana wa hapo ndio wawe waongozaji, na wazee wakisema wiki hii hakuna kupanda kuna sherehe, hakuna kupanda. Wapandaji wa Nairobi waliokuja kwetu wakafuata hivyo wanakaribishwa mpaka leo wanachinjiwa mbuzi. Kuna wengine walikuja na droni bila kuuliza mtu. Hao hawajarudi.

MtuWaKivu

Ndugu Morijo umesema ukweli na mimi nimetoka mahali watu walifukuzwa pa ardhi yao juu ya hifadhi, naelewa. Kule Kentucky muuzaji alikuwa na hati na alitaka kuuza, hakuna mtu aliyetolewa. Ni tofauti, nilipaswa kuiweka wazi.

MkaziSheffield

Mimi Mtanzania niko Uingereza, Sheffield, nusu saa hivi kutoka Stanage, ukuta wa mawe wa zaidi ya kilomita 5. Nimeona swali la yule mama wa shamba na nimeona niandike kwa sababu hapa walilijibu kwa sheria. Mwaka 1932 vijana wafanyakazi wa Manchester na Sheffield waliingia kwa makusudi kwenye mlima wa Kinder Scout uliokuwa umefungwa kwa ajili ya uwindaji wa matajiri, watano wakafungwa jela. Ikachukua miaka mingi sana mpaka sheria ya mwaka 2000 ikatoa haki ya kutembea kwenye nyika na milima Uingereza na Wales. Na ndani ya hiyo sheria kuna kipengele muhimu, mwenye ardhi hawajibiki mtu anayetumia haki hiyo akiumia kwa sababu ya kitu cha asili kama mwamba. Yaani lile swali la mama lilikuwa moja ya vikwazo vikubwa hata huku, na bila kulijibu wenye ardhi wasingetulia.

Lakini haki ipo na kazi bado ipo. British Mountaineering Council ina watu wa kujitolea kila eneo, na kila majira ya kuchipua tunaweka vibao kwenye sehemu ambazo ndege mmoja mweusi mwenye mwezi mweupe kifuani amejenga kiota. Tunawaomba tu wapandaji wasipande pale, na nimeona watu wametoka mbali wamefika wakakuta kibao wakaenda ukuta mwingine bila kubishana.

Kwenu Kenya mpaka sheria ije, andikeni makubaliano na mama, ya maandishi, mwanasheria asome, kila mpandaji asaini kwamba anapanda kwa hatari yake.

Dada wa Olkaria

Hiyo ya kusaini sisi tunafanya, lakini mwanasheria alituambia karatasi haimalizi kila kitu, mtu wa familia anaweza bado kushtaki. Bima ya kikundi ndiyo ilitupa usingizi.

MwambaKapiti (mtoa mada)

Nimesoma zote mara mbili, asanteni sana, hasa wa Mwanza. Tumekaa jana na wenzangu tukaamua hivi. Kununua hatuwezi na baada ya kusoma ya Morijo hata sitaki tuanzie hapo. Sheria ya Ardhi ya 2012 ina sehemu inayohusu haki ya kupita kwenye ardhi ya mwingine, na kama wenye plot tatu ambazo njia inapitia wakikubali kwa hiari, njia inaweza kuandikwa kwenye hati na ikabaki hata wakiuza. Jumamosi tunarudi kwa mama na bei ya bima ya kikundi mkononi, na tutamuuliza yeye kinachomsumbua kabla hatujasema letu. Nilikumbuka pia alilalamika ng'ombe wa watu wanapita hapo hapo tulipobomoa kichaka, hiyo tutaifunga kwa miiba wenyewe kabla ya mazungumzo yoyote.

Kama kuna wakili ama mpima ardhi humu ndani anayejua Machakos na angependa kusaidia, aniandikie pembeni. Na wa Sheffield, kama unaweza niwekee kile kipengele cha sheria hapa, wakili atakayekuja aone wenzetu walivyokiandika.