Tupeane uzoefu: mliojiundia sanduku la soketi nyumbani, yaliwakuta yapi?

Mpangaji wa Zimmerman:
Hamjambo nyote. Chumba ninachoishi kina soketi moja tu, nayo iko nyuma ya mlango, mahali ambapo waya wa pasi haufiki mezani. Jana nilishuka barabara ya Luthuli, mjini Nairobi, nikanunua soketi mbili za matundu mawili mawili, masanduku ya chuma ya kuzishikilia, plagi yenye fyuzi ya ampia 13 na mita nne za waya wa nyuzi tatu. Nitavifunga juu ya ubao, kwa kuwa ekstensheni mbili za dukani zimekwisha kuyeyuka ndani ya mwaka mmoja. Kabla sijashika bisibisi, ningependa kuwasikia waliotangulia: mlikosea wapi?

Mama Wawili, Umoja:
Chunguza waya kwanza. Mimi niliuziwa waya mnene wa kupendeza, kumbe unene wote ulikuwa wa plastiki na shaba ya ndani ilikuwa kama uzi wa kushonea. Birika lilipochemka mara ya tatu asubuhi hiyo, waya ulikuwa moto kuliko chai.

Fundi Mstaafu:
Mama Wawili amenena. Stima yetu ni volti 240, na ukizizidisha kwa ampia 13 unapata wati 3,120. Huo ndio mwisho wa plagi moja, hata ukiiwekea matundu kumi. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,500 vikiwashwa pamoja vimekwisha kuuvuka. Kila uzi uwe wa milimita 1.5 za mraba, si 0.75, ambao ni wa redio na taa. Tena usiuache umeviringwa chini ya zulia, kwa maana joto la waya uliojikunja halina pa kutokea.

Kijana wa Kayole:
Mzee, ploti yetu nzima inatumia huo wa taa na hakuna aliyeungua.

Fundi Mstaafu:
Bado, kijana wangu.

Dada wa Pipeline:
Samahanini kwa maelezo marefu, lakini swali hili limenirudisha kwenye jioni moja ya mwaka 2019, tukiishi ghorofa ya sita. Mdogo wangu alikuwa amejiundia sanduku kama hilo. Alifungua plagi, akaona waya wa kahawia umefungwa kulia na wa buluu kushoto, akafanya vivyo hivyo nyuma ya soketi bila kusoma herufi zilizochorwa kando ya skrubu kuonyesha kila waya uende wapi. Kila kitu kiliwaka, nasi tukampongeza.

Miezi miwili baadaye koili ya jiko letu la stima, lililochomekwa kwenye sanduku hilo, ilikatika, kama ilivyo desturi ya majiko yale ya udongo. Alizima swichi ya soketi, akaona kitaa chekundu kimezimika, akachuchumaa miguu mitupu kwenye sakafu niliyokuwa nimetoka kuipiga deki, akaanza kuunganisha ncha mbili kwa koleo ambalo mpira wake ulikwisha kubanduka. Hakupiga kelele. Nilichosikia ni sufuria kuanguka, na nilipogeuka nilimwona ameganda, koleo mkononi, macho yakinitazama bila kuniona. Niliinyosha mikono nimvute. Mama wa chumba cha pili, aliyekuwa mlangoni akiomba chumvi, alinipiga kikumbo nikaangukia kitanda, akairukia swichi kuu iliyokuwa juu ya mlango. Stima ilipokatika ndipo mdogo wangu naye alipoanguka. Vidole viwili vilikuwa vyeusi kama makaa, na hospitali walimlaza usiku mmoja wakiuchunguza moyo wake.

Fundi aliyekuja kesho yake alifungua lile sanduku akacheka, kisha akaona haya kwa kucheka. Ukiitazama soketi kwa mbele, waya wa moto, ule wa kahawia unaoleta stima, uko kulia; ukiigeuza ili ufunge nyaya, kulia kunakuwa kushoto. Kwa hiyo swichi yetu ilikuwa ikikata nyutro, yaani ule wa buluu unaorudisha stima, na jiko lilionekana limelala ilhali moto umejaa ndani yake.

Mama Wawili, Umoja:
Pole sana dada. Nimesoma mikono ikinitetemeka.

Msomaji wa Rongai:
Na yule mama wa chumvi mlimpa nini?

Dada wa Pipeline:
Tulimpa chumvi. Na kila Krismasi tunampelekea kuku.

Mwanafunzi wa Umeme:
Tukirudi kwa mwenye swali: nyaya za nyuzi nyingi nyembamba hupenda kutawanyika chini ya skrubu. Zilehemu ncha kwa risasi kwanza, zitakaa imara.

Fundi Mstaafu:
Hapana, hapo umempotosha mwenzako. Risasi ni laini. Ikibanwa na skrubu hubonyea polepole, kiungo kikalegea, na kiungo kilicholegea ndicho kinachopika plastiki. Sokota ncha, ikunje mara mbili, kaza, kisha uivute kwa nguvu uone kama itatoka.

Mwanafunzi wa Umeme:
Mimi nimelehemu sanduku la kwetu tangu kidato cha tatu na halijawahi kuleta shida.

Fundi Mstaafu:
Kilehemu ukipendacho, mwanangu, ila usilipeleke sanduku hilo kwa mama mkwe.

Kijana wa Kayole:
Mnabishania risasi, na mimi fyuzi ikikatika huifunga kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara.

Mama Wawili, Umoja:
Basi tuambie ploti yenu iko wapi, tusije tukahamia hapo. Kwa bei ya sigara moja hiyohiyo si ungenunua fyuzi?

Muuzaji wa Nyamakima:
Nauza vifaa hivi, na wateja wengi husahau mpira wa kuweka kwenye tundu la sanduku. Makali ya chuma hukwaruza waya kila unaposogeza ubao. Pia wengi huukata waya wa kijani na manjano, yaani waya wa ardhi, wakisema simu huchajiwa bila huo. Kwenye sanduku la chuma waya huo ndio utakaokuokoa, na lazima ufike kwenye mwili wa kila sanduku, si kwenye soketi pekee.

Mpangaji wa Zimmerman:
Nashukuru. Nimefunga nyaya kwa kufuata herufi, nikaazima mita ya kupimia umeme na kupima kutoka pini ndefu ya plagi, ile ya waya wa ardhi, hadi kwenye kila sanduku. La kwanza liliitika. La pili lilinyamaza mpaka nilipokwangua rangi chini ya skrubu. Ila maneno ya mwenzetu wa Nyamakima yalinikosesha usingizi, nikazima swichi kuu na kuifungua ile soketi ya ukutani iliyo nyuma ya mlango. Mahali pa waya wa ardhi pana skrubu tupu, haijawahi kuguswa. Nimempigia landilodi simu alete fundi mwenye leseni, naye ameniuliza mbona mpangaji aliyenitangulia hakuwahi kulalamika.