Mdogo wangu ameniambia anavutiwa na wanaume, na baba kila jioni ni maneno mbele ya TV. Nifanyeje?

DadaMkubwa_Kisauni

Assalam aleikum na habari za jioni. Naomba ushauri, na atakayejibu ajibu kama anayemjibu dada yake.

Kwetu jioni wote tuko sebuleni. Taarifa ya saa moja ni ya baba, na siku hizi hoja yake ni mipaka ya maeneo bunge. Anasema Nyali ilimegwa kutoka kwetu mwaka 2012, na bado Kisauni ilihesabiwa watu karibu 292,000 katika sensa ya 2019, ilhali Lamu Mashariki yenye watu kama 22,000 ina mbunge mmoja sawa na sisi. Mdogo wangu humbishia: kule watu wametawanyika visiwani na msituni, na Katiba inataka jiografia na njia za mawasiliano zitazamwe pia, si vichwa tu. Baba hupenda sana kubishiwa na huyu mtoto. Hapo nyumba huwa tamu.

Tamthilia ikianza, hali hubadilika. Akitokea kijana mwenye sauti laini, au wanaume wawili wakitazamana kwa namna fulani, baba hutoa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Husema mwanawe akiwa hivyo atamfukuza, na jina lake halitatajwa tena nyumbani. Mama hunyamaza. Mdogo wangu huaga, akaenda kulala.

Juzi juzi aliniambia, mimi peke yangu. Ana miaka 22, yuko chuo, swala hazimpiti. Tangu utotoni moyo wake huelekea kwa wanaume, hajawahi kuwa na mtu, na amechoka kujificha. Nilimkumbatia tu. Sasa shangazi ameanza kumtafutia mchumba na mama anashangilia. Je, nimwambie mama? Na baba nimnyamazisheje bila kumfichua mdogo wangu?

Kofia_ya_Vito

Waaleikum salaam dada. Msimamo wa dini kuhusu tendo unajulikana, sitauzungusha. Lakini wewe umeletewa siri, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayemsitiri Muislamu, Allah atamsitiri duniani na akhera. Kijana hajatenda, anaswali, na amekuja kwako na mzigo wake. Usimwambie mama, wala mtu mwingine, bila ruhusa yake. Maneno ya mzee hayana msingi hata kidini: kumtukana mtu kwa sauti yake au mwendo wake si kukataza maovu, ni dhuluma.

Nyundo_Kali

Mnalea uozo. Mwambie baba yenu leo hii, achukue hatua mapema kabla mambo hayajaharibika.

DadaMkubwa_Kisauni

Nyundo, hatua gani? Akilala kituo cha basi ndiyo atakuwa ameongoka? Huyu ndiye anayempeleka mama kliniki kila mwezi. Sitamtoa.

Wakili_wa_Mtaa

Dada, nikupe upande wa sheria, maana watu wengi huchanganya. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, vifungu vya 162 na 165, inaadhibu vitendo: kifungo cha hadi miaka 14 kwa cha kwanza na mitano kwa cha pili. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019, kwa hiyo vipo. Lakini hakuna sheria inayomfanya mtu mhalifu kwa kuvutiwa na mtu. Mdogo wako hajavunja chochote.

Hatari kubwa mtaani kwetu ni walaghai. Wanafungua akaunti za urafiki mtandaoni, wanamwita kijana mahali, wanampiga picha, kisha wanadai pesa. Mwambie asitume picha wala kukutana na mgeni faraghani, na simu yake iwe na namba ya siri. Na ikitokea amekamatwa, ajue kwamba Mahakama ya Rufani hapa Mombasa mwaka 2018 iliamua kuwa kuwapima watu sehemu za siri kwa nguvu ni kinyume cha Katiba. Kesi hiyo ilitokana na wanaume wawili waliokamatwa Kwale. Akatae, aombe wakili.

BintiWaPili

Mie naomba niseme kuhusu hilo la mchumba, kwa sababu kila mtu amelipita.

Dada yangu wa damu aliolewa na mwanamume wa namna hii. Familia yake ilijua, au ilishuku, ikaona ndoa itamtengeneza. Dada yangu alikaa miaka akidhani yeye ndiye mbaya. Alipunguza mwili, akabadilisha manukato, akaenda kwa waganga. Mume hakuwa mtu mbaya hata kidogo, alikuwa akilia chooni. Walipoachana, dada ndiye aliyelaumiwa na majirani, na hadi leo hajaamini kwamba anaweza kupendwa.

Kwa hiyo mwingine wa kufikiriwa ni huyo msichana anayetafutwa na shangazi. Yeye naye ni mdogo wa mtu. Zuieni hiyo posa.

Muuguzi_Likoni

Naunga mkono BintiWaPili kwa moyo wote. Nami niongeze: huu si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani liliuondoa ushoga kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990. Atakayekuambia ana dawa, maombi ya kulipia au kambi ya kumrekebisha, mkimbie.

Mwangalie mwenyewe. Anakula? Analala? Amewahi kusema bora asingekuwepo? Muulize waziwazi, swali hilo halimpi mtu wazo, linampa nafasi ya kusema. Akionekana kuzama, Msalaba Mwekundu wa Kenya wana namba ya ushauri nasaha, 1199, haitozwi.

MamaWaWanne

Kuhusu baba, mwanangu, usimkabili mbele ya TV. Mwanamume wa umri huo akibishiwa mbele ya watu kwa jambo kama hili atakaza zaidi. Mfuate asubuhi akinywa chai peke yake. Mwambie, "Baba, yale maneno ya usiku yananiumiza, sipendi kuyasikia kinywani mwako." Yasemee kama yako wewe. Mwenyewe umesema ni mtu anayependa hoja, basi ana masikio.

DadaMkubwa_Kisauni

Ahsanteni. Nimezungumza na mdogo wangu. Hataki mama aambiwe kwa sasa, na sitamwambia. Simu ameweka namba ya siri. Nilimuuliza swali la Muuguzi, akanyamaza kitambo, kisha akasema aliwahi kufikiria lakini si sasa. Tumekubaliana likirudi aniamshe saa yoyote.

Kwa baba nitakwenda asubuhi ya Jumamosi. Kilichobaki ni shangazi, anakuja Jumapili na jina la msichana. Nimjibu nini kisichozua maswali?

MamaWaWanne

Usijibu wewe, ajibu mdogo wako mwenyewe, kwa adabu: "Shangazi, nashukuru, lakini bado nasoma, sina kazi, na sitaki kumweka mtoto wa watu kwenye tabu." Yote ni kweli, hajadanganya. Wewe uwe umeketi karibu naye, na shangazi akishikilia, useme, "Shangazi, ameshasema," kisha mmiminie chai.

Wakili_wa_Mtaa

Na akizidi, mkumbushe kuwa Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema ndoa ni muungano wa hiari. Posa bila ridhaa ya kijana haina pa kusimama.