Mrejesho: Khanga za marehemu mama zimeshakuwa blanketi la viraka

Wadau, niliwauliza kama khanga 9 za marehemu mama, nyingine zimechakaa, zinaweza kushonwa blanketi la viraka bila kuchujiana rangi. Juzi nimemaliza.

Aliyeniambia nifue kabla ya kukata, Mungu akubariki. Nilifua moja moja kwa maji baridi. Ile nyekundu ilitoa maji kama juisi ya rosela! Nikaisuuza mara saba, nikaweka kitambaa cheupe kilicholowa juu yake, nikapitisha pasi. Doa la waridi likatokea palepale. Chumvi na siki wala hazikusaidia. Basi, hiyo itakuwa mfuko wa sokoni.

Nyingine nilizitandaza dirishani moja baada ya nyingine. Katikati mwanga ulipenya kama kwenye chekecheke, lakini karibu na pindo kitambaa bado kizima. Huko ndiko nilikokata, miraba ya sentimita 15, nikiacha sentimita 1 ya mshono kila upande.

Uvivu wangu nao ulinigharimu: kitenge kimoja kipya nilikiunga bila kukifua. Blanketi lilipofuliwa mara ya kwanza kikarudi, viraka vya jirani vikajikunja. Nimefumua sehemu hiyo nikashona upya, fundi wa jirani akinicheka.

Jina la khanga moja, “Hakuna kama mama”, sikulikata. Liko katikati, herufi moja imefifia. Ndani nimeweka blanketi jepesi kuukuu, chini shuka. Dada yangu keshaanza kulimezea mate.