Mrejesho: Tuliohamia kijijini Kilombero

Wakuu, Januari niliwauliza mimi na mke wangu, watu wa Dar tusiojua jembe, tutaishije kijijini huku karibu na Ifakara. Mkasema: salimieni kila mtu, msikose msiba. Tulikosa mmoja tu, wiki nzima tukaitikiwa kwa mkato!

Sasa mpunga umetoa masuke, kazi ni kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga. Alfajiri nipo juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, na kombeo la kamba mbili la kurushia mawe; kwelea kwelea, vindege wala nafaka, wanatua kama wingu. Kumbe ukirusha jiwe unaachia kamba moja tu. Mimi niliachia zote, kombeo likaishia kichakani. Bibi jirani akacheka: "Mjukuu wangu, ndege hawali kamba."

Mwenye shabaha ni mke wangu. Mimi nimebakishiwa kupiga debe, la bati kweli, kutishia ndege.